Bawa la Kushoto Lisilotaka Kulala

"Umenipindia bawa, Valence! Wakati unalishusha kwenye lori akili yako ilikuwa kwenye pombe ya komoni!"

"Bawa lako tangu lini, Mama Devota? Mashine ni ya Bwana Edmund, na kazi yenyewe bado hujapewa. Halafu kabla hujaniita mlevi, nirudishie spana yangu."

Hapo Lidwina, maana ndilo jina la Mama Devota, akafunga mdomo, jambo ambalo hapa Mshangano hulioni kila siku.

Walikuwa wamesimama katikati ya malisho, trekta limezimwa. Nyuma yake ilikaa mashine ya kufyekea majani ambayo Bwana Edmund aliinunua mnadani Dar es Salaam, bila kitabu cha maelezo. Ilikuwa na kipande cha katikati na mabawa mawili. Barabarani mabawa hukunjwa juu, shambani hulazwa, na visu vilivyo chini yake hufyeka upana wa nyumba nzima kwa mara moja. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Lakini njia waliyotoka kuifyeka ilikuwa aibu tupu: upande wa kulia udongo umekwanguliwa kama kipara, kushoto majani yamesimama kama ndevu za mmisionari.

Na Bwana Edmund alikuwa ameshasema. Yeye alianzia kwenye duka la mtaani Lizaboni, akauza sukari mpaka akanunua shamba lililokuwa la serikali, na watu wa namna hiyo hawarudii neno. "Kesho saa sita nikute kipande hiki cha malisho kimefyekwa sawasawa, kazi ya udereva ni yako. La sivyo namwita mtu wa Makambako. Yule ana cheti."

Cheti Lidwina hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni miaka tisa ya kuendesha trekta kwenye shamba hilohilo, enzi za serikali, wakati wanaume walikuwa wakisimama barabarani kumtazama kama sinema. Kisha zikaja barua za kupunguza wafanyakazi. Siku aliyopewa ya kwake, mkononi alikuwa na spana namba ishirini na nne, ameiazima kwa Valence, fundi wa kuchomelea, asubuhi ileile. Akaondoka nayo. Hakuiba, aliondoka nayo tu, na kwa miaka sita hakuirudisha. Nyumbani kwake Mfaranyaki aliitundika juu ya mlango, akakaanga vitumbua chini yake.

"Hiyo spana ya nini, Mama Devota?" wateja walimuuliza. "Ya kukazia vitumbua?"

Alicheka nao, lakini spana haikushuka. Ilishuka juzi, alipoitwa na Bwana Edmund.

"Turudi sakafuni," alisema sasa. "Tuanze upya."

Sakafu yenyewe ni ile ya saruji ya kuanikia mahindi, nyuma ya ghala. Shamba zima hakuna mahali palipoonekana kunyooka kama pale, ndiyo maana Lidwina aliichagua tangu mwanzo kwa kurekebishia mashine. Walivuta mashine hadi pale, wakazima trekta, wakayalaza mabawa na kuweka magogo chini yake, maana Lidwina haingizi hata kidole chini ya chuma kinachoning'inia. Akapima upepo wa matairi: sawa. Akatazama kama mbele pameshuka kuliko nyuma kwa upana wa kidole, inavyotakiwa: pameshuka. Akachukua pima maji, ile mpya ya Bwana Edmund inayong'aa, akailaza juu ya mashine toka bawa hadi bawa. Kipovu cha hewa ndani yake kikakaa katikati kabisa.

"Ona! Imenyooka! Sasa kosa liko wapi kama siyo kwenye chuma ulichokipinda?"

"Kosa liko mdomoni," alisema Valence. "Hilo halina spana."

Wakati wanarushiana hivyo, akatokea bibi Kunegunda na ndoo ya maji. Huyu alianika mahindi pale kabla Lidwina hajajua hata kufunga breki.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sogeeni na matusi yenu, nataka kuosha sakafu."

Akamwaga. Maji hayakusimama, yalikimbia yote kuelekea kushoto, yakapita chini ya bawa, yakaingia kwenye mfereji. Lidwina aliyatazama mpaka yakaisha.

"Bibi, sakafu hii imeinama?"

"We! Sasa mvua ikinyesha maji yaende wapi? Yakae na mahindi yangu? Waliijenga iiname. Miaka tisa ulipita hapa na trekta lako, hukuona?"

Valence alikohoa kwa adabu nyingi mno.

Mambo yalikuwa wazi. Sakafu imeshuka kushoto, naye ili kipovu kikae katikati akawa ameliinua bawa la kushoto na kulishusha la kulia. Pale sakafuni lilionekana sawa. Kwenye malisho tambarare likawa kituko. Akaitupa pima maji kwenye nyasi. Akakata kijiti, akapimia nacho toka ncha ya kisu hadi sakafuni, bawa la kulia, katikati, bawa la kushoto, pote pawe sawa: sakafu ikiinama, mashine iiname nayo. Ili alegeze nati zinazopandisha na kushusha magurudumu ya mabawa, akaingiza mkono kikapuni mwake na kutoa spana namba ishirini na nne.

Valence aliitazama. Akashika gurudumu akainua, naye Lidwina akakaza.

Kesho yake saa sita Bwana Edmund alitembea malisho toka mwanzo hadi mwisho, akiinama kugusa ncha za majani yaliyofyekwa sawasawa kama anayepapasa kitambaa dukani.

"Wa Makambako abaki kwao," alisema. "Jumatatu saa moja, mama. Usichelewe."

Alipoondoka, Lidwina alipangusa spana kwa pindo la khanga, akampa Valence. Valence akaipima uzito mkononi.

"Miaka sita. Na kuniita mlevi je?"

"Chuma hukukipinda. Nimekosea, kaka."

"Basi. Na ukiihitaji Jumatatu?"

"Nitakuja kuomba."

"Na jioni utarudisha?"

"Jioni nitarudisha," alisema Lidwina. "Kazi yenyewe nimeipata, juu ya mlango nitatundika kitu kingine."