Mkuyu Uliotafunwa na Mbuzi wa Wifi

Mjukuu wangu wa kike anauza maua ya vyungu Tunduma, na humo ipo miti mizee iliyodumazwa isizidi kimo cha kuku. Wanaiita bonsai. Alinifundisha mwenyewe: bibi, usitafute mti mzuri, tafuta ulioteswa. Uliotafunwa, uliokanyagwa, ulioota mahali pabaya ukakataa kufa. Nikamwambia hapo umefika, kwenye mateso mimi ndiye fundi.

Nilizunguka kilima chote cha nyuma ya kahawa zetu hapa Igamba. Misuku, ile miti ya matunda ya porini, niling'oa, ikafa yote. Msuku ukiukata mizizi unanuna mpaka unakauka. Mkuyu ukiukata unakasirika na kuchipua. Ndipo nikauona mkuyu mmoja juu ya jabali, shina nene kama goti langu, lakini mfupi kama kibuyu. Mbuzi wa wifi yangu wameutafuna tangu mume wangu yu hai.

Nikasubiri mvua za kwanza, maana ndizo za kuhamishia mti. Nilikosea kumwelezea mjukuu kwenye simu kwa sauti. Wifi, dada wa marehemu, nyumba yake inatazamana na yangu, na tangu niolewe ananiona mgeni aliyekawia kuondoka. Akaja kusema jabali ni la ukoo wake, na mbuzi walioupa mti umbo ni wake, basi mti ni wake. Nikamjibu kwamba na mavi ya mbuzi hao yamo shambani kwangu, aje ayazoe.

Akanitazama tumboni. "Wifi, ulishindwa kumzalia kaka yangu dume. Sasa unataka kulea mti kilema."

Nilizaa mabinti watupu, nao ndio walioniezekea nyumba hii.

Mvua iliponyesha nikapanda na sururu. Nilikuta kisiki, urefu wa kiganja, kinatoka utomvu mweupe kama maziwa. Wifi kaukata kwa panga moja tu, mkono anao. Nikakaa juu ya jabali nikalia kama siku ya mazishi, na kule chini namsikia anaimba nyimbo za kanisani.

Nikakichimbua hivyo hivyo. Mizizi ilishika jabali kama makucha, nikaikata. Nikakifunga kwa gunia bichi, nikakipanda kwenye karai bovu. Mjukuu alipokuja alikigeuzageuza.

"Bibi, nani kakukatia? Hapa ndipo ningekata mimi."

Sasa kimechipua pande zote, majani madogo kama kucha za mtoto. Mjukuu alikifunga waya wa kupinda matawi, akataka kukipeleka Tunduma, nikakataa. Nimekiweka barazani, kinatazama mlango wa wifi. Watu wakitoka kanisani husimama kukishangaa, wakauliza fundi ni nani. Nami hujibu kwa sauti, yeye akiwa pale anapepeta mahindi:

"Ni wifi yangu, yule pale. Yeye mwenyewe hakuzaa, ila panga lake linazalisha."

Hainui kichwa. Anaendelea kupepeta, na mimi namwagilia.