Fomu Niliyoisahihisha

Siku yangu ya kwanza katika Ofisi ya Kazi hapa Nakuru, katikati ya miaka ya hamsini, nilipewa kalamu, chupa ya wino na onyo. Onyo lilitoka kwa karani mkuu, Mgoa mwembamba aliyefunga tai hata siku za jua kali. "Fomu yako ikirudishwa kwa sababu ya kosa," aliniambia, "na wewe utarudishwa kwenu." Kwetu ni Magharibi, ingawa nilikulia katika landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, baba akitia makaa kwenye injini. Sikutaka kurudishwa popote.

Ninyi mnaomaliza shule siku hizi mnalalamika kwamba kozi ni nyingi hata hamjui mchague ipi. Sisi hatukupata shida hiyo. Kijana Mwafrika mwenye cheti cha kidato cha nne angeweza kuwa mwalimu, karani, bwana shamba msaidizi, au kwenda Nairobi kusomea udaktari msaidizi. Wachache mno walivuka mpaka kwenda chuo kikuu Uganda. Yeyote wa upande huu aliyeitaka nafasi kupitia kwetu, alipita mezani pangu. Nilimhoji, nikajaza fomu, nikaambatisha barua ya mwalimu wake mkuu. Karani mkuu aliikagua kwa rula, mstari kwa mstari, halafu Afisa wa Kazi, Mzungu aliyependa uvuvi kuliko ofisi, akaitia sahihi bila kuisoma. Nilikuwa karibu rika moja na wale niliowahoji, lakini niliwaita "kijana" na kuwaacha wasimame. Cheo kidogo kilinipanda kichwani, sioni haya kulisema.

Nilipelekwa Naivasha mwaka mmoja kuandikisha vibarua wa mashamba ya mkonge, vumbi na mbu kila siku. Niliporudi, karani mkuu aliniita kando. "Hakuna fomu yako hata moja iliyorudishwa," alisema. "Endelea hivyo, mwakani nitakupendekeza upandishwe daraja." Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyevishwa viatu vipya.

Wiki chache baadaye akaja Kipkorir. Alikuwa mrefu, mtaratibu, na barua ya mwalimu wake ilisema ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani katika sayansi. Alitaka udaktari msaidizi. Alikuja na shangazi yake, Mama Tabitha, aliyeuza maziwa lala katika mtaa wa Bondeni, hapa mjini.

"Unakaa wapi?" nikamuuliza.

"Andika Bondeni, karani. Kwa shangazi."

"Na baba yako?"

Walitazamana. Mama Tabitha ndiye aliyejibu. "Baba yake ni skwota Subukia, kwa mzungu mmoja wa maziwa. Lakini huyu mtoto nimekaa naye mimi tangu aanze shule ya intamidieti. Nipe wino niweke kidole hapo, nishuhudie."

Lazima niwaeleze uskwota. Mzungu alikuruhusu ujenge kibanda na kulisha ng'ombe wako wachache kwenye shamba lake, nawe ukamfanyia kazi kwa mkataba. Mkataba huo ulimeza nyumba nzima. Kijana wa skwota akishapata umri wa kufanya kazi, alihesabiwa kuwa mtu wa shamba, na sheria za ofisi yetu zilidai barua ya kumwachilia kutoka kwa mwenye shamba. Kila karani alijua kwamba barua hiyo haitoki. Ndiyo maana vijana wengi wa mashambani walikuwa na shangazi au mjomba mjini, na makarani wenye utu waliandika walichoambiwa.

Niliandika Bondeni. Mama Tabitha akabonyeza kidole chake kwenye wino, akaniombea baraka kwa lugha yao. Kipkorir alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Walipoondoka nilianza kusumbuka. Je, karani mkuu akiuliza? Je, hii ndiyo itakayorudishwa? Siku mbili niliizungusha mezani. Siku ya tatu nikafuta Bondeni kwa wembe, kama tulivyofuta wino siku hizo, nikaandika Subukia, na nikachapa barua ya heshima kwa mwenye shamba nikiomba amwachilie kijana huyu aliyelelewa vizuri chini ya ulinzi wake. Nilijiambia barua nzuri italainisha moyo. Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa nalinda daraja langu.

Jibu halikuchelewa. Kijana akienda Nairobi, baba yake aondoe ng'ombe na watu wake shambani kabla ya mwezi kwisha. Walikuwa watu tisa, pamoja na bibi asiyeona.

Kipkorir alikuja ofisini peke yake. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga.

"Karani," alisema, "mzungu alijuaje?"

Karani mkuu alikuwa meza ya pili, akisikiliza. Nilijibu kwa haraka, bila hata kumtazama.

"Muulize shangazi yako. Wanawake wa sokoni huongea. Mzungu alikuwa ameshasikia, mimi nikamwandikia kukuombea tu."

Akavaa kofia, akatoka. Alirudi Subukia kuzungusha mashine ya kutenganisha krimu na maziwa. Mimi nilipandishwa daraja.

Baada ya uhuru nilihudumu chini ya maafisa wanne, wote Waafrika, wote wakiniita "mwalimu wetu". Niliwafunza makarani wapya kujaza fomu bila kosa. Nilistaafu nikapewa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Katika hotuba ile walisema nimewafungulia njia mamia ya vijana, na ni kweli, wengine walikuwa pale, wamevaa suti. Nilipiga makofi pamoja nao.

Mwaka jana nilikwenda Subukia. Nilijiambia ni wakati wa kutubu. Kipkorir ana ekari mbili na ng'ombe watatu, na mgongo umepinda. Alinitambua mara moja, akaita mke wake.

"Huyu ndiye yule karani!" alimwambia. "Yule aliandika ile barua nzuri. Mzungu alinisomea mwenyewe. Hakuna mtu aliwahi kunisifu hivyo." Akanigeukia. "Mzee, wewe ulijaribu. Aliyenimaliza ni wa damu yangu."

Nilimuuliza Mama Tabitha yuko wapi.

"Alikufa zamani. Alikuwa amelazwa hospitali ya General, hapo Nakuru, akatuma watu mara tatu niende nimuone. Sikuenda. Hata kwa mazishi sikuenda. Alikuwa anaapa ati hajasema kitu." Akatikisa kichwa. "Mtu anaapa mpaka kaburini. Ongeza chai, mzee."

Nikaongeza chai. Nikaimaliza. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima hayakutoka. Alinisindikiza hadi barabarani akiwa amenishika mkono, na nikamwacha aushike.

Niliambiwa niandike hapa gazetini kitu cha kuwashauri vijana kuhusu masomo na kazi. Sina ushauri. Nina jambo moja tu la kusema, na najua mjukuu wa Kipkorir humsomea kila kinachoandikwa kuhusu Subukia.

Kipkorir, shangazi yako hakusema neno. Ni mimi.