Kingo za Bibi Nyundo

Siku yangu ya kwanza kazini Amerika, pale Louisville, walinipa kisu. Bon, si kisu cha jikoni. Ilikuwa mashine yenye wembe mrefu kama mkono wangu, na wembe wenyewe ulishuka mtu akikanyaga chuma cha mguuni. Msimamizi wa zamu, mwanamume mnene mwenye kalamu tatu kifuani, alichukua kitabu kinene cha shule, akakilaza, akakanyaga. Mgongo ukaanguka huku, kurasa kule. "Hivyo hivyo mpaka saa ya chakula," akasema. Mrundi wa mashine ya jirani akanitafsiria, ingawa hapakuwa na cha kutafsiri.

Nyie vijana mnaoniuliza kazi yetu ilikuwaje, jueni kwanza mimi nilikuwa nani. Miaka ishirini na miwili nilijalidi vitabu katika emprimeri, kiwanda cha kuchapa cha misheni, kule Uvira, Kongo. Kujalidi ni hivi: karatasi kubwa iliyochapwa inakunjwa, mikunjo inapangwa, inashonwa kwa uzi uliopakwa nta, inatiwa gundi mgongoni, kisha inavishwa jalada. Mwisho inakatwa pande tatu kwa kisu, kitabu kinatoka sawa kama tofali. Mkurugenzi wetu alikuwa akipitisha dole gumba pembeni ya kila kitabu. "Kingo zinyooke, mama," alisema. "Kitabu chenye kingo za panya kinamtukana msomaji." Alama za penseli tulizifuta kwa mkate mkavu. Vitabu vya nyimbo na Biblia zilizoliwa na mchwa vilinifikia vikiwa maiti, vikatoka kwangu vizima. Jina langu halimo hata katika kimoja, na cheti changu kiliungua pamoja na nyumba.

Donc, siku niliyoomba kazi ile, karani wa ghala aliponiuliza nina ujuzi gani, nilimweleza yote hayo kupitia kwa binti yangu Sifa, kisha nikamwona akiandika neno moja fupi. Nikamuuliza Sifa ameandika nini. "Hana," akasema. Ujuzi: hana.

Tulikaa Shively, kitongoji cha Louisville, mwaka mmoja na nusu, nami kila siku nachinja vitabu vya shule visivyotakiwa, vikauzwe kama karatasi chakavu. Mjalidi anakata migongo ya vitabu! Wiki ya kwanza nililia chooni kila siku. Baadaye niliacha, maana kulia nako kunachosha.

Kutoka hapo tulihamia Reynoldsburg, nikapata kazi mji wa jirani, Columbus, katika karakana ya kutengeneza vitabu vya maktaba. Mkuu wa karakana alikuwa mama mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni, mwingine kichwani, na muda mwingi alikuwa akitafuta ule wa kichwani. Alitupa sheria moja: usifanye kwenye kitabu jambo usiloweza kulitengua. Ndiyo maana tulitumia gundi ya wanga, kwa sababu maji huiyeyusha. Palipochanika tulibandika karatasi laini kama ganda la kitunguu. Utepe wa kunata ulikuwa haramu. Kukata kingo, hata neno lenyewe kulitaja ilikuwa dhambi.

Siku moja nilimwambia, "Shefu, tukikate kidogo hiki, kipendeze."

"Kimpendeze nani?" akaniuliza.

Niliendelea kubandika. Moyoni nikasema, wapi! Huu ni uvivu wa wazungu tu, wameupa jina zuri. Nilishika sheria yake kwa mikono, kichwani haikuingia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini guu langu mimi ni zima mpaka leo. Kilichovunjika kilikuwa cha mtu mwingine.

Sifa alipopata kazi ya kutunza wazee Buffalo, nilimfuata. Huko nilimkuta fundi mkuu wa kujalidi, mzee mkimya mwenye karakana chini ya ngazi, nyuma ya kanisa. Hakuniuliza cheti. Alinipa sindano na uzi, akanitazama nikishona mkunjo mmoja, akauliza, "Nani alikufundisha?" Nikamwambia ni Uvira. Hakujua Uvira iko wapi. Alisogeza vyombo vyake, akanionyesha meza ya karibu na dirisha. "Hii yako," akasema. Mama wee! Sijawahi kufurahi hivyo tangu nivuke mpaka. Nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo mpaka Sifa akanicheka.

Ndiyo furaha iliyoniponza.

Jumatatu moja Sifa alikuja karakana na bahasha. Ndani mlikuwa na kijitabu cha katuni, kizee, kurasa za rangi ya chai, pini mbili za mgongoni zimeshika kutu. Kilikuwa cha Bibi Dombek, mzee wa miaka tisini na moja, ambaye Sifa alikuwa akimwogesha na kumlisha. Kilichapwa wakati wa vita ile kubwa ya dunia. Shujaa wake ni mwanamke: mchana anagonga misumari kwenye kiwanda cha ndege, na hatari ikija anavaa joho jekundu, anaruka angani na nyundo yake na kuyapiga mabomu yarudi yalikotoka. Mimi nilimwita Bibi Nyundo. Mikono yake ilichorwa vizuri mno, mikono ya mtu anayefanya kazi kweli, vifundo vinaonekana.

Sifa akatueleza habari yake. Aliyechora ni dada mkubwa wa Bibi Dombek, jina lake Hazel. Wachoraji wanaume walikuwa wamekwenda vitani, ndipo yeye akapewa kiti. Lakini kwenye jalada liliandikwa jina la mwanamume, bosi wake. Vita ilipoisha, wanaume wakarudi, Hazel akaambiwa asante, nenda. Aliuza viatu mpaka akafa. Sasa maktaba ya mji ilikuwa inaandaa maonyesho ya vitabu vya namna ile, na Alhamisi mwanamke wa maktaba angekuja kumwona Bibi Dombek. Akiona uthibitisho, jina la Hazel litaandikwa.

"Mama, anachotaka kabla ya kufa ni hicho tu," Sifa alisema. "Kijitabu kinamwagika kurasa. Nimemwambia mama yangu ndiye fundi."

Mama yangu ndiye fundi! Mtoto aliyenijibu kwa Kiingereza tangu tutue, siku hiyo aliyasema hayo kwa Kiswahili, mbele ya bosi wangu.

Fundi mkuu alikipekua taratibu. "Mgongo tu," akaniambia. "Toa pini zenye kutu, shona kwa uzi, basi." Halafu akasafiri siku mbili kumwona kaka yake mgonjwa.

Jumanne nilishona. Nilishona vizuri, hilo hata leo sitalikana. Kisha nikakitazama mezani, nikaona haya kwa niaba yake. Kingo zilikuwa zimeliwaliwa, na pambizoni mwa kila ukurasa kulikuwa na michoromichoro ya penseli, midogo kama mbegu za mchicha, imezunguka pande tatu za nje. Niliiona. Sitaki kuwadanganya kwamba sikuiona. Maandishi ya Kiingereza ya kuungaunga sikuweza kuyasoma, nami nikajiambia ni utundu wa watoto. Nikamfikiria Bibi Dombek akikitoa mbele ya mgeni wa maktaba kikiwa vile, kama mtoto anayepelekwa kanisani na kamasi. Nikachukua mkate mkavu, nikajaribu kufuta. Karatasi ikaanza kubanduka.

Basi nikakipeleka kwenye kisu kikubwa cha karakana.

Nilikata kidogo tu, upana wa ukucha, pande tatu. Nilipitisha dole gumba. Kingo zilinyooka. Nikasikia kabisa sauti ya mkurugenzi wangu wa Uvira akinisifu, nikavisukumia vipande kwenye pipa na kufunga karakana nikiwa naimba.

Jumatano fundi mkuu alirudi, akakishika, akakaa kitini bila kuvua koti.

"Vipande viko wapi?"

"Kwenye pipa."

Gari la taka lilikuwa limeshapita asubuhi ile. Tulipiga magoti wawili, tukapekua chini ya mashine. Tulipata kipande kimoja chembamba kama uzi, chenye mikia ya herufi tu.

"Niliyaona maandishi yale Jumatatu," akasema. "Nilidhani nawe umeyaona." Hakunifokea. Ningeshukuru angenifokea.

Alhamisi tulikwenda na Sifa chumbani kwa Bibi Dombek. Mwanamke wa maktaba alikuwa amekwishafika, daftari mapajani. Bibi Dombek alikipokea kijitabu, akatabasamu, akasema kimekuwa kizuri. Akafungua ukurasa wa kwanza, akausogeza karibu na macho. Akafungua wa pili. Alifungua yote, mpaka wa mwisho, kisha akapitisha kidole pembeni, polepole, kama yule mkurugenzi wangu.

"Ni laini," akasema.

Ndipo akaeleza. Hazel aliandika pambizoni kila ukurasa: mkono huu niliuchora mara nne, uso huu bosi aliubadilisha, mstari huu niliupiga nikiwa na homa. Na jina lake, na tarehe, kila ukurasa. Bibi Dombek hakuwa amemwambia Sifa habari hiyo. Nani angefikiri kwamba fundi wa vitabu atakata?

Nilitaka kumwomba msamaha, Kiingereza chote kikanikimbia. Nilipiga magoti nikasema kwa Kiswahili. Sifa alikuwa analia, hakutafsiri.

Bibi Dombek alimgeukia. "Muulize mama yako, aliyasoma kwanza?"

"Hapana," nikasema. "Sijui kuyasoma."

"Basi mtu wa mwisho kuyasoma ni mimi," akasema, "na siyakumbuki yote."

Mwanamke wa maktaba aliyaandika maneno yake yote kwa heshima. Akakitazama kile kipande chenye mikia ya herufi nilichomletea, akatikisa kichwa. Alisema anamwamini, na jina la yule bosi hataliandika, lakini la Hazel nalo hawezi, maana kuamini si uthibitisho. Bibi Dombek alimkabidhi kijitabu hivyo hivyo. Alifariki kabla baridi ile haijaisha, na Sifa ndiye aliyemvalisha.

Miezi mingi baada ya hapo Sifa alizungumza na mimi habari za chakula tu. Fundi mkuu hakunifukuza. Meza ilibaki yangu, dirisha langu, kazi zikaja, lakini kila nilipokaribia kisu niligeuka nikarudi mezani, na mjalidi anayekikimbia kisu ni hasara kwa karakana. Nikastaafu. Hapakuwa na sherehe, nami sikuitaka. Watu hustaafu wakihesabu vitabu walivyoviponya. Mimi nina vingi, mamia, naviona vimepangwa kichwani. Haviniambii kitu. Nakiona kimoja, tena ile sehemu yake iliyokwenda na gari la taka. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amekuja kukaa, haendi kwao.

Maonyesho yalipofunguliwa nilimwomba Sifa anipeleke. Alikataa mara mbili, ya tatu akachukua ufunguo wa gari. Bibi Nyundo alikuwa ndani ya kioo, ukurasa wa katikati, mikono yake ileile. Chini kulikuwa na kadi ndogo. Sifa aliisoma kimya.

"Soma kwa sauti," nikamwambia.

"Mama, twende."

"Soma."

"Mchoraji hajulikani."

"Na mstari wa chini?"

Alinishika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Kingo zimekatwa. Aliyekata hajulikani."

Nilimwambia amwite mlinzi, amweleze kwamba anajulikana, ndiye huyu aliyesimama hapa, na mchoraji naye anajulikana. Sifa alimweleza. Yule kijana alisikiliza mpaka mwisho, akasema pole, akasema yeye ni mlinzi tu, kadi huandikwa ofisini. Ofisini tulikwenda. Walituandikia barua nzuri yenye shukrani, na kadi iko vilevile mpaka leo.

Ndiyo maana nimeandika haya kwa mkono wangu, kwa penseli, nimejaza mpaka pambizoni kwa sababu daftari lilikuwa dogo. Aliyechora ni Hazel Dombek wa Buffalo. Aliyekata ni mimi, Mama Sifa wa Uvira. Siku mtakapozijalidi karatasi hizi, shoneni tu. Msikate.