Fundi wa mishale ya nyati aliyemwonea wivu mteja wake

Jua halijafika kwenye paa la bati, lakini Mama Manyoya amekwisha kutoboa ukurasa wa kwanza wa gazeti.

Ukurasa huo umebandikwa kwenye fremu ya mbao katikati ya karakana. Nyuma yake limesimama gunia lililoshindiliwa matambara. Anachukua upinde wenye magurudumu mawili kwenye ncha zake, anavuta kamba mpaka kidole kinagusa pembe ya mdomo, anatulia, anaachia. Gazeti linalia pwa! Kisha anaenda kulitazama tundu kwa macho ya mama mkwe.

"Hebu ona. Limechanika kuelekea kulia," anasema. "Maana yake mshale unatoka ukitikisa makalio. Nguvu zote zinaishia njiani. Ukifika kwa nyati umeshachoka, umekuwa mgeni tu."

Analegeza skrubu ya kikalio cha mshale, pale unapolala kwenye upinde, anakisogeza kiasi cha unywele, anapiga tena. Safari hii tundu ni la mviringo, na pembeni kuna mikato mitatu myembamba ya manyoya. Anacheka kidogo.

"Nyie watu wa magazeti msife moyo. Kazi yenu ina faida."

Kazi yake mwenyewe ni kuchagua na kuandaa pinde na mishale ya wawindaji wenye vibali, hasa wanaokuja kwa ajili ya nyati na pofu, yule swala mkubwa kuliko wote. Ameajiriwa na kampuni ya uwindaji kwa msimu tu. Nusu ya mwaka kazi ipo, nusu ya mwaka hakuna, na ikikatika anaziba pancha za baiskeli kwenye karakana hiyohiyo. Jina la Mama Manyoya alipewa kwa sababu, tangu aanze kubandika manyoya kwenye mishale, hajawahi kutoka nje bila unyoya mmoja kwenye nywele.

Mume wake ni mfuata nyayo wa kampuni hiyo. Wenzake wanamwita Pua. Yeye ndiye anayetangulia mbele ya mgeni, ndiye anayelala kifudifudi kwenye miiba, na nyati akijeruhiwa vibaya, ndiye anayeifuata damu kichakani.

"Kwa hiyo mimi nikichagua mshale," anasema Mama Manyoya, "nachagua kama mume wangu atarudi kula au hatarudi."

Si maneno ya kujikweza. Bega la kushoto la Pua limekaa chini kuliko la kulia. Misimu kadhaa iliyopita, mteja mmoja aliikataa mishale ya Mama Manyoya. Alikuja na yake myepesi, yenye chembe za kufunguka, yaani vichwa vya chuma ambavyo makali yake hukunjwa na kuchanua yanapogonga mnyama.

"Kwa swala zinafaa sana. Kwa nyati ni kwenda vitani na mwavuli," anasema fundi huyo. "Mbavu za nyati zimepandana kama vigae vya paa. Ule mshale uliingia kiasi cha kidole, ukasimama. Nyati akaenda kichakani, akazunguka, akawasubiri nyuma. Baba watoto alirushwa kama nguo chafu."

Mwindaji kiongozi, ambaye wote wanamwita Bosi, alimwua nyati huyo kwa bunduki. Tangu siku hiyo Mama Manyoya habembelezi mtu. Nyati anataka mshale mzito, uzito wake uelemee mbele, na chembe ngumu isiyo na mchezo, yenye makali mawili tu. Asiyetaka, akawinde kanga.

Lakini ukimwuliza mteja aliyemsumbua kuliko wote, hamtaji yule wa mwavuli. Anashusha pumzi, anaifuta jiriwa ya kubania pinde ambayo wala haina vumbi, kisha anasema: "Daktari."

Daktari ni daktari wa meno kutoka mjini, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekuja msimu uliopita na kibali cha nyati mmoja.

"Nilimchukia kabla hajafunga mlango wa gari," Mama Manyoya anakiri bila haya. "Baba watoto alimpokea begi. Mume wangu huyu! Tangu anioe hajawahi kunipokea hata ndoo."

Alimpima akiwa na matumaini ya kumkuta mbumbumbu. Kwanza alimkalisha juu ya stuli, miguu ikining'inia, akamwambia avute upinde polepole bila kuuinua juu. Huo ndio mtihani wake kwa kila mtu. Ukilazimika kuelekeza upinde mbinguni ndipo kamba ije, upinde umekuzidi, kwa sababu nyati hatakupa nafasi ya kunyoosha mgongo.

Upinde wa Daktari ulikuwa umekazwa paundi sabini. Alivuta mara moja, akatikisa kichwa mwenyewe. "Umenizidi kidogo, fundi. Tuupunguze, sivyo?"

"Wanaume watatu kati ya wanne hukataa kupunguza, wanaona nawavua suruali," anasema Mama Manyoya. "Huyu kapunguza mwenyewe! Nilikuwa namtafutia kosa, nikalikosa. Unajua inavyouma kumtafutia mtu kosa ukalikosa?"

Wakaushusha hadi sitini na tano. Ulipofika wakati wa mishale wakabishana. Daktari alitaka mzito zaidi ya gramu sitini. Mama Manyoya akamwambia kwamba kwa nguvu zile mshale huo utaporomoka kama embe bovu, atajikuta analenga pembe ili apige tumbo. Wakakubaliana hamsini na tano, mara mbili ya uzito wa ile inayouzwa dukani kwa mbwembwe za kasi.

Ikaja zamu ya kunoa chembe. Daktari akaomba jiwe, akakunja mikono ya shati, akanoa. Alipomaliza akaipitisha chembe kwenye mkono wake, na vinyweleo vikadondoka vyote kwa mpigo mmoja. Mama Manyoya akajaribu yake. Vilidondoka nusu.

"Mikono ya kung'oa meno," anasema kwa uchungu. "Na baba watoto yuko mlangoni anapiga makofi."

Jioni, mdogo wake, fundi cherehani wa chumba cha pili, alimkuta anapima mishale ya Daktari mmoja mmoja kwenye mizani ya sonara, anatupa kila unaozidi au kupungua hata kidogo.

"Dada, yaani unamnolea kisu mtu atakayekukatia kipande chako?"

"Mdogo wangu, huelewi. Nataka nyati aanguke kesho asubuhi, mama wa watu afungashe, akaendelee na meno yake."

Ndivyo wivu ulivyotengeneza mishale bora kuliko yote aliyowahi kuitoa mikononi. Manyoya aliyabandika, akayabandua, akayabandika upya. Gazeti lilitobolewa hadi likabaki nyavu.

Nyati hakuanguka kesho yake. Hakuanguka wiki nzima.

Pua alikuwa akirudi nyumbani kutoka kambini kila gari lilipofuata maji na mahitaji. Kwa kawaida ni mtu wa maneno machache. Mkewe alizoea kumwuliza mshale uliingiaje, naye hujibu, "Uliingia tu," kisha huomba maji ya kuoga. Sasa akawa redio.

"Daktari ana subira, mama. Leo nyati alisimama karibu kabisa, lakini alituelekea uso kwa uso. Akashusha upinde. Mwingine angeachia tu!"

"Hm."

"Na anakanyaga kama paka. Nyuma yangu husikii kitu."

"Wewe ulitaka usikie nini nyuma yako?"

"Halafu kasema chai yangu—"

"Na Daktari huyo, amekuambia unisalimie?"

Pua akafikiri. "Hapana."

Asubuhi moja aliomba shati lake la kijani lipigwe pasi. Shati la kwenda kutambaa kwenye miiba! Mama Manyoya alilipiga pasi kwa nguvu hadi kola ikasimama kama ya bwana harusi. Mpaka leo, anasema, suala la lile shati halijapatiwa maelezo ya kueleweka.

Siku mbili baadaye Bosi alipiga simu. Upinde wa Daktari ulikuwa umeanguka kutoka kwenye gari. Kitundu cha kulengea kilichofungwa kwenye kamba kilikuwa kimehama, na mishale yote ilikuwa ikienda kushoto. Fundi anatakiwa kambini, gari linamfuata.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika kambini. Alimkuta mumewe na Daktari wamechuchumaa, wanachora nyati mchangani kwa kijiti. Pua alikuwa anacheka na meno yote nje.

"Nikajisemea, kumbe na meno anakaguliwa," anasema.

Alifunga upinde kwenye jiriwa ya safari, akarudisha kitundu mahali pake, akapigilia gazeti kati ya miti miwili, akapiga mpaka tundu likanyooka. Daktari akapiga, na lake likanyooka. Giza likawa limekaribia, Bosi akasema fundi alale hapohapo, na asubuhi aende nao, abaki kwenye kilima kando ya gari na darubini.

Hapo ndipo moyo wake ulipogeuka kidogo. Miaka yote ametengeneza mishale, na hajawahi kuuona hata mmoja ukimfikia mnyama. Huo, anakiri, ndio ulikuwa wivu wake mkongwe kuliko ule wa kumwonea Daktari. Mumewe aliona kila kitu na hakujua kusimulia. Yeye angejua kusimulia, na hakuona kitu.

Asubuhi, kupitia darubini, aliwaona watatu wakitambaa. Pua mbele, Daktari nyuma yake, Bosi pembeni na bunduki. Dume la nyati lilikuwa linakula peke yake kandokando ya vichaka. Pua akamwacha Daktari apite, akachuchumaa nyuma yake. Daktari akavuta. Nyati akageuza bega. Daktari akashusha upinde taratibu kama mtu anayemlaza mtoto.

Mama Manyoya anasema alijikuta ananong'ona, "Vizuri. Subiri. Akusogezee mguu wa mbele."

Nyati akasogeza mguu. Ubavu ukafunguka, kwa mshazari, kama wote watatu walivyokuwa wanauomba. Daktari akavuta tena. Na hapo Pua akanyoosha mkono, akauweka mgongoni mwa Daktari.

"Mkono wa mume wangu. Mgongoni. Umetulia pale kama umelipiwa kodi," anasimulia, na macho yake bado yanatoa cheche. "Nikaukazia darubini. Nikasema, subiri, ngoja nione utashuka au utapanda. Mara nikasikia watu wa gari wananong'ona, nyati anakimbia, mshale umeshakwenda!"

Anapiga kofi paja lake.

"Sikuuona. Mishale yote niliyotengeneza maishani, siku ya kuuona mmoja, mimi natazama mkono!"

Nyati alikimbia umbali mfupi, akasimama, akapiga magoti, akalia mara moja, akaanguka. Mshale ulikuwa umepita nyuma ya mguu wa mbele na kutokea upande wa pili. Hapakuwa na damu ya kufuatwa kichakani. Pua alirudi akitembea kwa miguu yake, mabega yote mawili pale yalipokuwa asubuhi.

Kwenye gari la kurudi, mkewe alimwuliza kuhusu mkono. Pua alishangaa kweli.

"Mama, ile ni ishara. Nauweka mkono, nikimgonga ndiyo anaachia. Namgonga kila mteja. Hata Bosi nishamgonga."

"Bosi hajipaki manukato."

"Porini hakuna anayejipaka manukato, mama. Nyati atanusa."

Hoja hiyo, anakubali, ilikuwa na uzito wake. Hakuikubali siku hiyo.

Siku ya kuondoka, Daktari alipita karakanani kuaga. Mshale ule aliushika mkononi, umeoshwa, haukupinda hata kidogo. Mama Manyoya aliutazama mpaka akashindwa kujizuia, akauomba. Alisema anataka kuutundika ukutani, kwa kuwa ni kazi yake.

Daktari aliuvuta kifuani. "Hapana, fundi. Nisamehe. Huu ni wangu."

"Mimi ndiye niliyeutengeneza."

"Na mimi ndiye niliyeurusha. Niombe kingine chochote."

Walisimama hivyo, wanawake wawili wazima, kila mmoja amekazia macho kijiti kimoja. Aliyeanza kucheka ni Mama Manyoya. Anasema aliona sura yake mwenyewe usoni mwa yule mama, uchoyo uleule, macho yaleyale. Daktari akacheka pia, lakini mshale hakuutoa.

"Niombe kingine," alirudia.

Akaomba kufundishwa kunoa. Daktari aliahirisha safari hadi mchana, na sasa chembe za Mama Manyoya zinanyoa mkono wote kwa mpigo mmoja.

Jingine hakumwomba Daktari, alimwomba Bosi. Anataka kufanya mtihani wa wasaidizi wa uwindaji, ambao aliyefaulu huruhusiwa kuongozana na wageni hadi mbele ya mnyama. Kuna kulenga shabaha, kusoma nyayo, na huduma ya kwanza. Bosi alijikuna kidevu wiki nzima, kisha akaandikisha jina lake. Mtihani ni kabla ya msimu kufunguliwa.

Shabaha haimsumbui. Nyayo anafundishwa na mumewe, nyuma ya nyumba, pekupeku juu ya majani makavu, majirani wakichungulia na kucheka. Pua anafundisha vizuri, ila kila anavyoendelea mwanafunzi, ndivyo mwalimu anavyonuna.

"Wageni wakishajua anatengeneza mishale na njia anaijua, watamtaka yeye mbele," analalamika, akiegemea mlango wa karakana. "Mimi nitabaki kubeba maji."

"Umeona sasa inavyokuwa?" mkewe anamjibu bila kugeuka.

Anachukua ukurasa mwingine wa gazeti na kuubandika kwenye fremu. Anasema akifaulu hatadai makubwa. Anataka achuchumae pale karibu na mgeni, upepo ukimpuliza usoni, nyati asogeze mguu wa mbele.

"Na mwanamke yeyote anayetaka kusimama na mume wangu, asimame naye tu, tena huko nyuma," anasema, na kuvuta kamba hadi pembe ya mdomo. "Mimi sitageuka. Nitakuwa natazama mshale."