Kitufe Nilichokiita Takataka

Nimekosa, na sitafuti wa kunihurumia. Nilimnyima mtu kazi kwa neno moja, na nilikuwa nacheka nilipoliandika.

Shule niliiacha darasa la sita. Nimezunguka Nzega, Urambo, Kigoma mpaka Ujiji, na kila nilikofika nilidokoa ufundi fulani: kuchomelea, redio, simu. Kutengeneza tovuti nilijifunzia gesti, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Nikajiita fundi. Kuku naye akipanda kichuguu hujiona yuko mlimani.

Kikundi kimoja cha wauza asali hapa mtaani Isevya kikanipa kazi. Walitaka mwonjaji, mtu wa kutambua asali safi na iliyochakachuliwa, na maombi yote yapitie kwenye tovuti. Mwenyekiti wao, mama mpole, akaniuliza, "Mwanangu, na wasioona wataweza kuitumia?"

"Mama, asiyeona anatafuta nini mtandaoni?" Nikacheka peke yangu.

Sasa, programu niliyoitumia huweka kisanduku chini ya kila picha, uandike picha hiyo ni ya nini. Maneno hayo hayaonekani kwenye ukurasa. Simu ya asiyeona ndiyo huyasoma kwa sauti. Nilijua vizuri. Mimi husoma kila kitu, hata karatasi ya kufungia maandazi. Ila niliona ni usumbufu. Picha ya mwenyekiti nikaiandikia "bonge la mama". Kitufe cha kutuma maombi, ambacho kilikuwa picha ya bahasha tu, nikakiandikia "takataka". Nikaenda zangu kula.

Siku ya tatu baada ya maombi kufungwa, nilikuwa ofisini kwao nikisubiri sifa. Akaingia dada mmoja na fimbo yake nyeupe. Nitamwita Modesta. Baba yake alikuwa mrina asali kule Sikonge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Nimekuja kuuliza mbona tovuti yenu haina mahali pa kutuma maombi."

"Papo," nikadakia. "Bahasha kubwa vile, hata kipofu anaiona."

Ndiyo, nilisema hivyo.

Modesta akatoa simu. Ilikuwa inasema mbiombio kama dalali wa mnadani. "Ngoja niipunguze mwendo," akasema, "humu kuna mtu hajazoea."

Simu ikasoma taratibu: "Picha. Bonge la mama."

Mwenyekiti akanigeukia. Simu ikaendelea: jina, umri, uzoefu, vyote vimejazwa. Kisha: "Kitufe. Takataka."

"Nimeijaza mara nne," Modesta akasema. "Kila nikifika mwisho naambiwa takataka. Nikajua nikibonyeza inafutika. Wewe kaka ungebonyeza?"

Nikainama.

"Ndiyo kazi pekee niliyowahi kusikia tangazo lake ambayo haihitaji macho," akasema.

Mwenyekiti akamsogezea vikombe viwili vya asali. Modesta akaonja. "Hii ya kwanza ni ya miombo, ya msimu huu. Hii nyingine ina sukari guru, tena imechemshwa."

Mama akashika kichwa. Hiyo ya pili, mwonjaji mpya alikuwa ameipitisha asubuhi ile ile. Mkataba wake wa mwaka mzima ulikuwa umesainiwa jana yake.

Nikafungua tovuti pale pale, nikafuta neno langu, nikaandika "Tuma". Herufi nne. Modesta akaijaribu.

"Sasa inasema vizuri," akasema. "Imechelewa tu."

Akaondoka. Mimi nikafukuzwa, na mitaani, toka Chemchem mpaka Mtendeni, naitwa Fundi Takataka. Wanaoniita hivyo hawajakosea.

Zamani mji wetu ulikuwa njia ya misafara, na wapagazi wake walibeba mizigo ya wengine kwa miguu hadi pwani, na ikafika. Mimi nilipewa fomu moja ya mwanamke mmoja niivushe kutoka simu yake hadi ofisi ya Isevya. Nikaizamisha, tena nikijisifu.

Na wewe unayejiita fundi, usinicheke sana. Fumba macho, uisikilize kazi yako mpaka mwisho kabla hujawakabidhi watu. Ukisikia takataka, ujue umeitwa jina lako.