Kiganja cha Dhapu

Kumwambia mtu wa mji wetu wa Sojat asiguse hina ni kama kumwambia aishi mtoni asilowe. Hina tunailima, tunaianika, tunaisaga. Msimu wa mavuno hata chafya zetu ni za kijani. Lakini ndivyo alivyoambiwa Dhapu, jirani yangu, siku mumewe alipokufa kwa umeme wa pampu ya shambani. Kwetu hina ya kiganjani ni ya bibi harusi na ya mwenye mume. Mjane akionekana nayo, watu huulizana anafurahia nini.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa na binti mmoja, Chhavi, wa darasa la nne. Mama mkwe wake, Jhamku, hakumfukuza. Alimwachia chumba chake uani, akamruhusu hata kufanya kazi katika saluni yangu, kwa sharti moja: viganja virudi nyumbani visafi. Kila jioni bibi yule alikaa penye bomba la uani akimngoja.

"Fumbua," alisema, na Dhapu akafumbua.

"Geuza."

Akageuza.

"Haya, nenda kapike. Siku nitakayoona doa, utarudi kwa kaka yako kule Bilara. Na mtoto utamwacha hapa. Huyo ni damu ya mwanangu."

Niliwahi kumwambia Jhamku kwamba hata polisi hawakagui watu namna hiyo. Akanijibu nikakague masufuria yangu. Kusema kweli sikuweza kumchukia. Alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu, naye alimwona amelala kwenye tope la mfereji.

Basi Dhapu alivaa glavu za mpira mpaka viwikoni, na juu yake mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa uzi. Kwa mikono ile ya kichekesho alipaka hina ya nywele vizuri kuliko mtu yeyote mjini, mimi nikiwemo. Hasa nywele zilizokwisha kupigwa rangi za dukani, ambazo wengi huziogopa. Yeye alisema hina yenyewe haina ugomvi na rangi. Majani ni majani. Ugomvi unaletwa na yale yanayochanganywa humo bila kusemwa, madini na dawa nyeusi za kuharakisha. Vitu hivyo vikikutana na nywele zilizochubuliwa rangi, nywele hushika moto kichwani, hugeuka kijani, hukatika kama tambi kavu. Tulimwona mwalimu mmoja aliyejipaka mwenyewe nyumbani. Alifundisha mwaka mzima kichwa kimefunikwa. Ndiyo maana Dhapu aliwahoji wateja mpaka wengine wakakasirika: ulipaka nini, lini, boksi lake liko wapi?

Siku mbili kabla ya harusi ya Shobha, mama yake aliingia saluni akimvuta bibi harusi kwa mkono. Mama huyo, Kesar, alikuwa mteja wangu mkubwa kuliko wote. Ukoo wake mzima ulinyolewa nyusi na mimi. Shobha alikuwa amesoma Jodhpur na kurudi na nywele za njano, njano ya mahindi. Wakwe waliziona kwenye picha. Wakatuma sinia la zawadi, peremende, sari, bangili na pakiti ya hina, kama desturi inavyotaka, na ujumbe juu yake: bibi harusi wa njano hatumpokei.

"Mpakeni hii," Kesar alisema. "Hii hii, si nyingine. Mkwe wangu ataniuliza."

Dhapu alifungua pakiti, akainusa, akainusa tena.

"Mama, hii inanuka dawa. Na nywele za binti zimechubuliwa. Niruhusu nikate kidogo tu, huku nyuma pasipoonekana, nijaribu kwanza."

"Ukate nywele za bibi harusi? Wewe? Mkosi uliokupata hutosheki nao, unataka kumgawia mwanangu?"

"Mama, jamani, mwache ajaribu," Shobha alisema kutoka kitini.

"Nyamaza wewe, ungekaa na nywele alizokupa Mungu tusingekuwa hapa. Zawadi ya wakwe haipimwi! Wakisikia, watasema tumewaita matapeli." Kisha akanigeukia mimi. "Mangi, saluni hii ni yako au ni yake?"

"Ni yangu, mama," nilisema. "Dhapu, loweka."

Dhapu alinitazama, nami nikajifanya natafuta taulo. Akaloweka. Akakoroga kwa kijiko mpaka ukawa uji mzito, akagawa nywele za Shobha mafungu mafungu, akachovya brashi. Msichana alikuwa akimtabasamia kwenye kioo. Brashi ilifika inchi moja kutoka kichwani, ikasimama hapo. Kisha Dhapu akaiweka chini, akafungua uzi kwa meno, akavua mfuko, akavua glavu, akachota uji ule na kujipaka katikati ya kiganja cha kulia.

Kesar alipiga ukelele kama aliyeona nyoka.

"Dhapu! Una wazimu?" nilisema. "Osha! Osha upesi!"

"Ngoja, dada. Hina ya kweli itatoa rangi ya chungwa, tena kwa kujivuta. Tungoje chai yenu hiyo hapo mezani ipoe."

Chai haikuwahi kupoa. Alipojifuta kwa kitambaa, doa lilikuwa jeusi kama masizi ya sufuria, na kando yake ngozi imeumuka, nyekundu. Shobha aliruka kutoka kitini ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mama yake aliikunja pakiti ile, akaificha mkobani, akasema tutumie yetu.

Tulimpaka Shobha hina ya shamba letu. Alasiri tulipoosha, nywele zilitoka rangi ya shaba mpya, laini, hakuna hata uzi mmoja uliokatika. Ila niliyempaka ni mimi. Kesar hakukubali Dhapu asogee. Mjane mwenye doa kiganjani, siku mbili kabla ya harusi! Asante ya punda ni mateke: binti yake akiwa bado ameketi na hina kichwani, Kesar alikuwa amekwishakwenda kumshtaki Dhapu kwa Jhamku na kurudi.

Dhapu alikuwa nje akijisugua. Ndimu, majivu, sabuni ya unga, jiwe la kusugulia visigino. Ngozi ilitoka, doa likabaki.

Jioni nilimsindikiza. Jhamku alikuwa penye bomba lake, na Chhavi nyuma yake ameshika ndoo.

"Fumbua."

Safari hii Dhapu alikunja ngumi. Bibi aliifungua mwenyewe, kidole kimoja kimoja.

"Bibi, ameokoa mtoto wa watu," nilisema. "Muulize Kesar."

"Kesar nimeshamsikia."

"Mama, sikujipamba," Dhapu alisema. "Ni dawa hii. Tazama ilivyoniunguza."

"Naiona rangi," Jhamku alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Mwanangu hata miaka miwili hajamaliza tangu afe, nami naiona rangi."

Asubuhi kaka yake alikuja na pikipiki kutoka Bilara. Dhapu alipanda nyuma na fuko moja la nguo. Chhavi alishikwa mabega na bibi yake, hakulia, akatazama tu mpaka pikipiki ikapinda kwenye kinu cha kusagia hina. Mimi Dhapu hakunilaumu kwa neno lolote. Afadhali angenitukana.

Siku hizi Chhavi hupita saluni akitoka shule. Jana alikaa kwenye stuli akaniangalia nikichanganya hina kwa mikono mitupu, kama nifanyavyo kila siku, rangi ya chungwa mpaka kwenye vifundo.

"Mama mkubwa, siku ile ulikuwa umesimama karibu na mama?"

"Karibu kabisa."

"Sasa kwa nini hukujipaka wewe? Wewe mume wako yupo."

Nilitaka kumwambia kwamba sikufikiria. Ingekuwa uongo. Nilifikiria, na mkono ulikwisha kuanza kunyanyuka, kisha nikakumbuka kwamba Kesar ana mabinti wengine watatu wa kuozesha, harusi tatu kwa saluni yangu.