Jinsi nilivyotengeneza friji ya mama mkwe Kabuchai nikiwa nje ya dirisha lake

Wakuu, hamjambo huku ndani.

Naomba dakika zenu chache. Hii kitu imenitokea mimi mwenyewe, si ya kusimuliwa. Majina nimebadilisha na mama mkwe nimemuomba ruhusa. Kama kuna mahali nitaongeza chumvi ni pale kwa kujisifu tu, na hiyo sehemu mtaijua.

Mimi ni fundi wa friji na AC hapa Kitale. Shule niliachia darasa la saba. Nilianzia Kipsongo, nanunua friji zimekufa kwa watu wa scrap, nafungua, naangalia, naharibu, nafunga tena. Hakuna mtu alinishika mkono. Leo ukinunua nyama Kitale na haina harufu, kuna uwezekano mkubwa hiyo cold room imepita kwa mikono yangu. Matangi ya kupoesha maziwa Kachibora, zahanati, maduka ya keki, AC za maofisi, nimefungua zote.

Na miaka yote hiyo mashine yangu ilikuwa vidole. Nashika bomba, nasikiza compressor, ile pampu ya gesi, nakuambia ugonjwa. Watu wenye certificate walikuwa wananipigia simu wakikwama.

Basi kuna jamaa wa Nairobi aliniuzia vipimo vya bluetooth. Nilinunua kwa majivuno tu, ili wenzangu wasiwe navyo peke yao.

Kwa wenye hawajui: ni vibanio kama vya kuanika nguo. Unabana kwa bomba la friji, kinapima joto, halafu namba inapita hewani inaingia kwa simu yako. Kuna kingine kadogo cha kuweka ndani kabisa ya friji, na vingine vya presha ya gesi. Kwa simu unaona zote pamoja, na mstari unajichora, unapanda, unashuka.

Hiyo kitu ilinifunza adabu bana.

Cold room zamani nilikuwa napanda ngazi hadi kwa paa kusoma presha, nashuka, nafungua mlango kusoma joto la ndani, nafunga, napanda tena. Nikifika juu, ile ya chini imeshabadilika, na huo mlango niliofungua umeingiza joto umeharibu kipimo. Magoti yangu yanajua. Siku hizi nabana pande zote, nafunga mlango, nakaa kwa kreti ya soda na kikombe cha chai, namba zinanifuata.

Lakini hiyo si hadithi yenyewe. Hadithi ni ya mama mkwe.

Mke wangu, tumuite Nasimiyu, ni wa Kabuchai, Bungoma. Sisi wazazi wetu walitoka Central wakanunua shamba Trans-Nzoia, na mila zetu nyingi zilidondoka njiani. Kwa kina Nasimiyu hazijadondoka. Mkwe hasalimiani na mama mkwe kwa mkono. Ukimpa kitu unaweka kwa meza, naye anachukua. Na chumba chake cha kulala, wakuu, hapo hata kama kuna moto unawaka ndani unaita mtu mwingine. Hata mtoto wake wa kiume, shemeji yangu Wafula, mtu mzima na bibi na watoto, haingii.

Miaka kumi na tisa nimeheshimu hiyo. Tukiongea, Mama anakaa kiti cha karibu na jikoni, mimi nakaa cha karibu na mlango wa nje. Na tunapendana hivyo hivyo, kwa umbali.

Sasa, Mama ana sukari. Anadungwa insulini kila siku, na ile ya akiba lazima ikae kwa friji. Ikipata joto inaharibika na huwezi kujua kwa macho. Mzee wake alipokuwa hai alimnunulia kafriji kadogo, akakaweka chumbani mwao, ili wajukuu wasikae wanafungua wakitafuta soda.

Mzee alituacha mwaka jana.

Miezi michache baada ya mazishi, nikaambiwa friji ya Mama haipoeshi. Nikaenda. Wamama wawili wa jirani wakaibeba wakaniletea sebuleni. Nikawasha, ikapoesha vizuri tu. Lakini mafundi wa huku, na mimi nikiwa chairman wao, friji ikisumbua tuko na jibu moja: gesi. Nikatoa gesi ya zamani, nikaweka mpya, nikajipiga kifua, nikachinjiwa kuku, nikaenda.

Wiki mbili, imekataa tena. Nikarudi. Wamama wakabeba. Ikifika sebuleni inafanya kazi kama haijawahi kuugua. Nikabadilisha thermostat, ile swichi ya joto. Kuku tena.

Wafula akaniangalia nikinyonya mfupa akasema, "Shemeji, hii friji iko na huruma. Inagonjeka ndio ukuje ukule."

Nikacheka.

Kicheko kiliisha siku Nasimiyu alipigiwa simu ati Mama ameanguka kwa mahindi. Tulimkuta hospitali, midomo imekauka, anatuangalia kama watu wageni. Sukari ilikuwa imepanda vibaya. Daktari akauliza kama aliruka dawa. Hakuruka hata siku moja. Akauliza dawa inawekwa wapi.

"Kwa friji," Nasimiyu akasema.

"Na hiyo friji inafanya kazi?"

Mke wangu aligeuka akaniangalia tu.

Nimetukanwa na watu wengi katika hii maisha, wakuu. Hakuna tusi liliwahi kuniingia kama yale macho.

Mama akapona kidogo kidogo, Mungu ni mwema. Nikasema nanunua friji mpya kesho. Akakataa. "Hiyo ni ya baba yenu. Tengeneza hiyo." Dawa ikawekwa kwa chungu ndani ya mchanga wenye maji, vile watu hufanya pahali hakuna stima. Nasimiyu akaniambia usiku huo, polepole, "Baba Wambui, chungu ni cha siku chache na hili jua. Mama akianguka tena hatainuka. Safari hii usirudi na hadithi ya gesi."

Nikaenda peke yangu, yeye alikuwa kazini. Na njiani ndio nikafikiria kile kitu mtu wa darasa la saba angepaswa kufikiria siku ya kwanza. Kama friji ni nzima sebuleni na inaugua chumbani, basi ugonjwa uko chumbani.

Na chumbani siingii.

Nikafika, nikaweka vibanio kwa meza. Mama akaviangalia.

"Hizi si za kamba ya nguo?"

"Hapana Mama. Ni za friji. Leo fundi ni wewe, mimi nitakaa nje."

Akacheka akiziba mdomo na leso. Akaviokota, akaingia.

Bluetooth nayo ukuta wa matofali haiupendi. Sebuleni namba zilikuwa zinakatika katika. Pahali pekee zilishika ni nje, chini ya dirisha la Mama. Nikachukua kigoda nikakaa hapo, mgongo kwa ukuta, uso kwa miwa. Wafula akapita na wheelbarrow, akasimama.

"Shemeji, wazee wakikupata hapo chini ya dirisha, mimi sikujui."

"Pita na mbolea yako."

Nikapaza sauti ili iingie ndani. "Mama, kwa mgongo wa friji kuna bomba jeusi limekunjwa kunjwa. Kibanio chekundu kiende hapo."

"Ngoja."

Nikasikia kitu kizito, kama blanketi, kinatupwa kitandani. Sikukijali.

"Nimebana. Na hii nyeupe?"

"Ndani, pale dawa hukaa. Halafu washa."

"Fliji imeanza kulia," akasema.

"Wacha ilie, ndio kazi yake."

Dakika tano alikuwa amemaliza. Nina watu nimelipa mshahara wanachukua saa.

Namba zikaanza. Joto la ndani kumi na nane. Kumi na tatu. Tisa. Bomba la nyuma lina moto wake wa kawaida, halipandi. Nikamwambia Mama aende apumzike, kila kitu kiko sawa. Nikasikia anapanga panga kidogo huko ndani, akafunga mlango, akaenda jikoni.

Halafu ule mstari wa bomba ukaanza kupanda.

Ukapanda, ukapanda, hadi pahali compressor hujizima yenyewe kwa kuchoka. Ikazima. Na ile namba ya ndani, ile ya dawa, ikaanza kurudi juu. Kumi. Kumi na moja. Mtu hayuko chumbani. Sijagusa kitu. Kwa vidole vyangu hivi maarufu nisingeona hiyo hata miaka mia, kwa sababu vidole vinataka uwe pale, na mimi pale siruhusiwi.

Nikarudi sebuleni, nikakaa kiti changu cha mlangoni, naye Mama akatoka jikoni akakaa chake.

"Mama, kuna kitu umeweka nyuma ya friji?"

"Hakuna."

Alijibu haraka. Huyu ni mama wa kanisa, uongo haumkai, nikaona mkono unafunga na kufungua fundo la leso.

Mimi nina mdomo, mnanijua. Customer akinificha kitu namwambia hapo hapo. Sijui nini ilinishika siku hiyo. Nilinyamaza kwanza. Halafu nikasema, "Mama, sitaki kujua chumba chako kikoje. Lakini simu inaniambia friji imefunikwa, haipumui. Na ndani yake ndio dawa yako inapaswa kukaa. Mimi sina haraka."

Tukakaa. Kuku walipita hapo katikati yetu wakatoka nje.

"Ni koti," akasema.

"Koti gani, Mama?"

"Ya baba yenu."

Mzee alikuwa dereva wa trekta ya miwa. Alikuwa anatoka alfajiri na umande, amevaa koti moja kubwa la sufu, zito kama mtoto. Baada ya mazishi, nguo za marehemu hugawiwa, kila mtu na yake, na lile koti lilikuwa liende kwa Wafula. Lilitafutwa, halikuonekana. Watu wakasema limeibiwa kwa msiba.

Mama ndiye alilificha.

"Mvua ikakuja, ikashika ukungu," akasema. Alikuwa anaongea na sakafu. "Nikatundika kwa msumari nyuma ya fliji ikauke. Asubuhi nikiamka kuomba nikaigusa. Ilikuwa na joto. Kama amevua saa hiyo."

Wamama wa jirani wakiitwa kubeba friji, analitoa kwanza analificha. Wakirudisha friji, analitundika tena. Friji ikiwa sebuleni ni nzima kwa sababu koti haliko. Mimi nikabadilisha gesi. Mimi nikabadilisha thermostat.

"Nikiitoa pale," akasema, "inakuwa koti tu."

Nikageuka, nikaona Wafula amesimama mlangoni na kikombe cha maji. Amesikia yote. Mama naye akamuona. Nilijua sasa hapa kutakuwa na maneno, kwa sababu hilo koti ni lake kwa haki, na alishaitwa mzembe mbele ya ukoo ati alishindwa kulinda vitu vya baba yake.

Wafula akamaliza maji. Akaweka kikombe. Akaniuliza mimi, si mama yake, "Shemeji, unataka mbao za urefu gani?"

Nilimwambia sijui, lazima nijue kimo cha friji. Mama akainuka bila kuambiwa, akaingia na kamba, akapima, akafunga fundo kwa kimo na fundo lingine kwa upana, akaniwekea kwa meza. Tukaingia kazi nje, mimi na Wafula. Tukatengeneza fremu ya miguu minne, inasimama juu ya friji kama meza ndefu, na ubao mmoja juu. Friji inasogezwa mbele, shibiri moja na nusu kutoka ukutani. Hewa moto inapanda kwa nyuma bila kuzuiwa, na koti linakunjwa juu ya ule ubao, lipate ile hewa ikienda zake. Wamama wa jirani wakaiingiza ndani, na walipotoka Mama akalikunja koti juu yake.

Nikarudi kwa kigoda changu chini ya dirisha. Nikaangalia mstari nusu saa, saa nzima. Bomba likapanda kidogo likatulia. Ndani ikashuka hadi tano, ikakaa hapo.

Lakini hiyo ilikuwa namba yangu. Yake ilikuwa bado.

"Mama," nikaita, "na koti?"

Akaingia. Alikaa sana. Wafula alikuwa amesimama kando yangu, anajifanya anakagua nyundo.

Kisha sauti ikatoka kwa dirisha. "Iko na joto. Si kama ile ya kwanza."

Wafula akaacha nyundo.

"Lakini ni yeye."

Wafula akachukua wheelbarrow akaenda nayo kwa miwa, na haikuwa na kitu ndani.

Nilimwachia Mama kile kipimo cha ndani na simu ya zamani ya Nasimiyu. Kila asubuhi ananitumia sauti kwa WhatsApp. Mtu ambaye miaka kumi na tisa tumesalimiana kutoka pembe mbili za nyumba, sasa anaanza na salamu ya kwao. "Mulembe. Leo ni nne. Koti iko. Na wewe umeamkaje?" Juzi akasema ni saba na nikatoka kitandani kabla sijamaliza kusikiza, kumbe mjukuu alifungua mlango akitafuta soda. Kliniki wanasema sukari imetulia.

Funzo langu ni hili. Hivi vyombo ni vizuri, nunueni, msiogope, hata mimi wa darasa la saba navisoma. Vinakufikisha pahali mkono haufiki. Lakini vilinionyesha tu ya kwamba kuna kitu nyuma ya friji. Koti sikuliona kwa simu. Hiyo ilitaka mtu akae kwa kiti anyamaze, na kunyamaza ni kazi ngumu sana kwangu.

Na usikimbilie gesi kabla hujauliza mashine inalala wapi na inaishi na nani.

Mafundi wenzangu, na nyinyi mlio na wakwe wa kuheshimiwa, ni mlango gani mila ilikufungia na kazi iko upande wa pili? Ulifanyaje? Wekeni hapa chini nisome. Wenye watasema ningenunua friji mpya kimya kimya, pia nyinyi karibuni, lakini kwanza niambieni mngeitundika wapi ile koti.